Swichi ya Kando ya Kitanda

Celestine Nanyama alikuwa amezoea kuamka akiwa amechoka. Alikuwa fundi wa stima, mama wa miaka arobaini na kitu, na kwa muda mrefu watu wa Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, walipomaliza kuezeka nyumba zao mpya, yeye ndiye waliyemwita kuja kupitisha waya. Baba yake alifika Nakuru kutoka upande wa Bungoma kufanya kazi ya reli, na Celestine alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alisomea stima chuoni, akapata leseni, akaanza kazi wakati ambapo wenye nyumba walimwangalia mara mbili kabla ya kumfungulia geti. Siku hizo alikuwa akipanda ngazi huku anaimba. Sasa alipanda kimya, na katikati alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu.

Goti la kulia lilikuwa limeanza kumkataa, na mabega pia, kwa kuwa fundi wa stima hushinda mikono iko juu ya kichwa. Zeddy, mwenzake wa kazi wa miaka mingi, alikuwa ameenda Qatar kutafuta maisha, na tangu aondoke Celestine alibeba ngazi na mkoba wa vifaa peke yake. Mume wake Makhanu alikuwa mlinzi kwenye shamba la maua karibu na Longonot, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Binti yao alikuwa chuoni Eldoret. Kwa hivyo jioni Celestine alirudi Kaptembwo kwenye nyumba tulivu, akala alichobakisha asubuhi, akalala bila hata kuwasha redio.

Ilikuwa mwezi wa Julai, baridi imekaza, alipopigiwa simu na namba ya ng'ambo. Alikuwa juu ya ngazi. Alishuka, akakaa kwenye mfuko wa simiti, akapokea.

"Fundi, naitwa Abby. Nimepewa namba yako na jirani wa baba yangu hapo Kiamunyi."

"Nakusikia, Abby."

Abby alikuwa Kanada, akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Baba yake, Hiram Mwaura, alikuwa mkulima wa viazi kule Dundori maisha yake yote, mpaka mapafu yakaharibika na daktari akasema baridi ya kule juu itammaliza. Mke wake alikuwa ameshafariki. Abby akamhamishia Kiamunyi, kwenye nyumba aliyokuwa amejenga kidogo kidogo kwa pesa za huko. Lakini Kiamunyi nayo ina baridi yake. Asubuhi chumba cha mzee kiliganda, na mchana jua likipiga mabati, hapakukalika. Mzee alihitaji hita asubuhi na feni mchana, kwa sababu upepo ukimpiga usoni pumzi haikumsumbua sana.

"Nilituma zile rilei za waifai," Abby alisema. "Fundi mwingine akazifunga. Nikiwa hapa naona kwa simu chumba kina baridi kiasi gani, nawasha hita. Kukiwa na joto nawasha feni. Sasa Joyline, yule anayemtunza, anasema ukutani kunanuka kama plastiki."

"Inanuka wakati gani?"

"Hita ikiwaka."

"Nitapita jioni," Celestine alisema, ingawa alikuwa ameahidi mwili wake kwamba jioni hiyo angeenda moja kwa moja nyumbani.

Alifika jua likiwa linaelekea kuzama nyuma ya vilima vya Rongai. Joyline alimfungulia mlango. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mikono yenye nguvu, na aliongea kwa sauti ya chini kama watu wanaokaa na mgonjwa.

"Karibu, anti. Guka yuko huko ndani. Leo hana raha."

Mzee Mwaura, ambaye Joyline alimwita guka, yaani babu, alikuwa ameketi kando ya kitanda, amevaa kabuti juu ya sweta. Alikuwa mrefu, mkavu, na alipumua kwa midomo iliyokunjwa kama mtu anayepuliza moto. Alimtazama Celestine kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wewe ndiye umetumwa na simu?"

"Nimetumwa na Abby, mzee."

"Ni kitu moja." Alinyoosha kidole ukutani, ilipokuwa hita iliyofungwa kwa skrubu, kisha darini kwenye feni. "Nikilala hapa, hii inaanguruma yenyewe. Sijaguswa, sijaulizwa. Nikizoea joto, hii nyingine inanipulizia. Hakuna mtu amesimama. Jana zote mbili zilikuwa zinafanya kazi pamoja, moja inanichoma miguu, moja inanigandisha kichwa. Mimi si kifaranga, mama. Wale ndio huwekewa taa na feni."

Joyline aliangalia chini. Celestine alisema pole, akatoa bisibisi.

Alipofungua kisanduku cha ukutani aliona tatizo bila kutafuta. Rilei yenyewe ilikuwa kiboksi kidogo kuliko kiberiti kikubwa, swichi inayosikiliza simu. Kwa taa au feni ingefaa bila taabu. Lakini hita ile ilikuwa inavuta stima nyingi, na yote ilikuwa inapita ndani ya kile kiboksi, halafu kwenye waya mwembamba wa taa. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi. Skrubu moja ilikuwa imelegea kwa joto, na waya uliokuwa chini yake ulikuwa umeanza kupoteza ngozi.

Hakumlaumu sana aliyeifunga. Kwenye kiboksi palikuwa pameandikwa kwamba inaweza, na mafundi wengi huamini kilichoandikwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujifunza mambo ya rilei hizi mwaka uliopita tu, kwa video za simu, akirudiarudia.

Alijua kinachotakiwa. Hita ipewe laini yake nene kutoka kwenye bodi, kisanduku kikuu cha stima, na breka yake ya kujikata mzigo ukizidi. Katikati ikae kontakta, ile swichi kubwa ya kazi nzito, na rilei iwe na kazi ya kuiamrisha tu, isibebe mzigo wenyewe. Lakini kontakta hakuwa nayo. Na kutoa waya wa hita pale, jioni ile, kulimaanisha kufumua kisanduku kizima, maana taa ya chumba na feni zilikuwa zimeunganishwa humo humo, fundo juu ya fundo. Mzee angebaki gizani mpaka amalize. Celestine alikuwa ameshinda kwenye ngazi tangu asubuhi. Mabega yalikuwa yamegoma, na hakupenda kushika waya akiwa hivyo.

Akarudisha mfuniko.

"Joyline, msiwashe hii hita hata kidogo. Kesho asubuhi nipite mjini ninunue kitu, halafu nije nifunge vizuri. Leo mfunike mzee na blanketi mbili."

"Sawa, anti. Mimi siwezi kuigusa."

Na kweli Joyline hakuigusa. Alidhani fundi atamwambia Abby, kwa sababu ni Abby aliyemwita. Celestine naye aliwaza kumpigia akiwa njiani, lakini simu ilikuwa karibu kuzima. Akasema atampigia akifika. Alipofika aliichomeka simu kwenye chaji, akakaa kitandani kuvua viatu, na usingizi ukamkuta kiatu kimoja kikiwa bado mguuni.

Asubuhi alikuwa mjini, kwenye duka la vifaa vya stima, ameshika kontakta mkononi akiulizia ya namna nyingine, Joyline alipopiga.

"Anti, nyumba ina moshi." Sauti ilikuwa ya chini kama kawaida, ila ilikuwa inakatika. "Nimeshusha swichi kubwa ya nyumba nzima. Guka nimemtoa nje."

"Anapumua?"

"Anakohoa. Anakohoa sana."

Celestine aliacha mkoba wa vifaa pale dukani akapanda boda. Njia nzima hakuwaza moto. Aliwaza kile kiatu alichokuwa amelala nacho.

Alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, kabuti mabegani, Joyline amepiga magoti mbele yake akimshika mikono yote miwili. Midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi. Jirani mmoja alikuwa anarudisha gari nyuma kuingia getini. Walimbeba mzee na kiti chake mpaka kwenye gari, na Joyline akaingia naye. Mzee hakuwa na pumzi ya kusema neno.

Gari lilipoondoka Celestine aliingia ndani. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka kwenye kisanduku mpaka dari. Pazia lilikuwa limeyeyuka upande mmoja na kugandamana na fremu ya dirisha. Moto haukuwa mkubwa, Joyline alikuwa mwepesi, lakini ule moshi wa plastiki ungeweza kumwangusha hata mtu mwenye mapafu mazima. Blanketi mbili zilikuwa bado kitandani, zimekunjuliwa vizuri, kama Celestine alivyoagiza.

Simu ikalia. Ilikuwa Abby, na huko kwake ilikuwa usiku, kwa maana sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia asiamshe wengine.

"Joyline amenitumia ujumbe. Baba yuko wapi?"

"Wamempeleka hospitali sasa hivi. Yuko na Joyline."

"Nani aliwasha hiyo hita? Joyline anasema ulikataza. Nani aliwasha?"

Celestine aliangalia kilichobaki cha rilei, ile inayosikiliza simu.

"Nilikuwa kazini," Abby alisema mwishowe. "Nilipata dakika kidogo nikaangalia simu. Nikaona chumba kina baridi. Nikasema Mungu wangu, baba anaganda. Ni mimi niliwasha."

"Hukujua."

"Ni mimi niliwasha, fundi."

"Hukujua, kwa sababu sikukupigia," Celestine alisema. "Niliona ule waya jana. Ningeukata pale pale. Nilikuwa nimechoka, nikasema kesho. Halafu nikasema nitakupigia nikifika nyumbani, nikalala."

Walikaa hivyo, kila mmoja na simu sikioni, mmoja kwenye chumba chenye moshi na mwingine mahali ambapo Celestine hakuweza hata kupafikiria. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ingekuwa rahisi zaidi kama mmoja angeanza.

"Nitakupigia nikisikia habari ya mzee," Celestine alisema. Na safari hii alipiga, mara tu alipofika hospitali, akiwa bado amesimama kwenye korido: mzee amewekewa oksijeni, amelala, daktari anasema wangoje.

Mzee alilazwa kwa siku kadhaa. Celestine aliwaambia wateja wengine wasubiri, baadhi wakaenda kutafuta mafundi wengine, naye hakuwa na nguvu ya kuwabembeleza. Alirudi Kiamunyi na ngazi yake. Alifumua kila kitu katika chumba kile, akatoa waya zilizoungua, akakwangua masizi. Alivuta laini mpya kutoka kwenye bodi, waya mnene, ukapita kwenye bomba lake peke yake, na kwenye bodi akaweka breka ya hita na kifaa cha kukata stima ikivuja. Kontakta aliiweka kwenye kisanduku cha chuma kwenye korido, mbali na mapazia na nguo, mahali mtu anaweza kuifungua na kuona.

Kazi ilienda polepole. Kila baada ya muda alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Joyline alipokuwa ametoka hospitali alimletea chai, wakanywa bila mazungumzo mengi.

"Anti, hii sasa haiwezi kuungua?" Joyline aliuliza siku moja.

"Kila kitu kinaweza kuungua. Hii nimejaribu kuifanya iwe ngumu." Akamwonyesha. Hita ikiwaka, feni haiwezi kupata stima, kwa kuwa kontakta yenyewe inaikatia njia. Zile mbili hazitawaka pamoja tena. Juu ya hita kulikuwa na kidude kinachopima joto, kikizidi kinakata bila kumuuliza mtu wala simu. Na stima ikipotea halafu irudi, rilei ilikuwa imepangwa ibaki imezima mpaka mtu aiamrishe upya. "Kwa sababu inaweza kurudi wakati mmeanika nguo hapo, au mko nje."

Joyline alitikisa kichwa. "Yule wa kwanza hakutuambia haya."

"Labda naye hakuambiwa."

Jioni ile Abby alipiga. Sauti yake ilikuwa na haraka, ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku nyingi. Alitaka kamera chumbani. Alitaka king'ora cha moshi kinacholia mpaka kwenye simu yake. Alitaka rilei nyingine ya kuzima nyumba nzima kutoka huko. Celestine alikubali king'ora, akasema kitafungwa kesho. Kuhusu hayo mengine aliuliza kwanza.

"Abby, hizi vitu zote umewahi kumuuliza mzee?"

"Ni mgonjwa, fundi. Nimuulize nini?"

"Mimi naenda kumwona kesho. Nitamuuliza."

Alienda saa za kuona wagonjwa, akiwa amevaa nguo safi lakini vidole bado vina weusi kwenye kucha. Mzee Mwaura alikuwa ameinuliwa na mito, bomba la oksijeni puani. Alikuwa amekonda ndani ya siku chache. Alimtambua.

"Fundi. Umekuja kunifungia waya na huku?"

"Nimekuja kukupa pole, mzee. Ningeweza kuikata ile hita siku ile. Sikuikata."

Mzee aliangalia dirishani. Ilimchukua muda kukusanya pumzi.

"Joyline ameniambia ulikuwa umesimama tangu asubuhi. Mimi nimelima. Najua siku mtu anaacha jembe shambani na anajua mvua itanyesha." Akapumzika. "Abby anasema nini?"

"Anasema ni yeye aliwasha."

"Nilimsikia. Alilia kwa simu ya Joyline." Mzee alifumba macho, Celestine akadhani amelala, kisha akaendelea. "Kule Dundori, mama yake ndiye alikuwa anaamka wa kwanza. Wangeci. Anawasha moto, anafunga mlango wa jikoni upepo usiingie, ndipo ananiita. Hakuniuliza kama nasikia baridi. Alikuwa anajua, kwa sababu yeye mwenyewe anaisikia. Huyu mtoto hasikii baridi yangu. Anaisoma."

"Anakupenda, mzee."

"Sijasema hanipendi."

Muuguzi alipita na toroli ya dawa. Celestine alingoja apite.

"Nikuulize kitu. Ukirudi nyumbani, unataka ile hita iondolewe?"

"Hapana. Baridi ni baridi." Alifungua macho. "Nataka nikisema hapana, iwe hapana. Basi."

Celestine alirudi Kiamunyi akafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Alichimba ukuta kando ya kitanda, kwenye urefu ambao mkono wa mtu aliyelala unafika, akaweka swichi kubwa nyeupe ya kawaida, ya kubonyeza kwa kidole gumba. Waya wa kuamrisha kontakta ulipita hapo kwanza. Swichi ikiwa juu, simu ya Abby ingeweza kuwasha na kuzima. Ikiwa chini, Abby angebonyeza mpaka kidole kiume na hita isingesikia.

Alipomweleza Abby, Abby hakufurahi.

"Na akisahau ameizima? Na akizima kwa hasira alale kwenye baridi? Unajua baba yangu ni mtu wa aina gani?"

"Joyline yuko chumba cha pili. Na wewe bado utaona baridi kwenye simu. Utapiga, utamuuliza."

"Kwa hivyo umeweka swichi ya kunizima mimi."

"Nimeweka swichi ya mzee," Celestine alisema. Alikuwa amechoka kiasi cha kutojua kama amesema kwa ukali. "Ukitaka niitoe, nitaitoa. Lakini umwambie wewe mwenyewe."

Nyuma ya Abby, Celestine alisikia mlango ukifunguliwa na sauti ya mtu mzee ikiita kwa Kiingereza, na Abby akimjibu kwa upole kwamba anakuja. Akarudi kwenye simu.

"Hapa ninapofanya kazi wanazima taa saa tatu," alisema. "Wote. Hata asiyetaka kulala. Mimi ndiye huzima." Akasikika akirudisha mlango. "Iache, fundi."

Mzee aliletwa nyumbani asubuhi yenye ukungu, baridi bado haijatoka. Celestine alikuwepo kwa sababu alitaka kuona hita ikiwaka mara ya kwanza na mtu mwenyewe yuko ndani. Joyline alimlaza mzee, akamfunika, na Celestine akamwonyesha swichi. Mzee aliipapasa kwa kidole, kama anatafuta mbegu kwenye udongo. Kisha akaibonyeza chini.

Walingoja. Celestine alikuwa sakafuni akikusanya vifaa, na hakuinua kichwa. Baada ya muda simu ya Joyline ikalia, naye akaiweka kwenye sauti ya juu, juu ya blanketi.

"Baba, karibu nyumbani."

"Asante."

"Nimejaribu kuwasha hita, haiwaki. Umezima?"

"Nimezima."

Walisikia kiti kikivutwa huko aliko.

"Unasikia baridi?"

"Kidogo."

"Niwashe?"

Mzee alikuwa anaangalia ukuta mpya, rangi yake haijakauka vizuri, au labda hakuwa anaangalia kitu. Kifua chake kilipanda na kushuka chini ya blanketi. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza swichi juu.

"Washa," alisema.

Kwenye korido kontakta ikagonga mara moja, sauti nzito ya chuma, na hita ikaanza kuvuma taratibu. Joyline alienda jikoni ghafla kana kwamba ameacha kitu motoni. Celestine alifunga zipu ya mkoba, akaenda kushika kisanduku kwa kiganja kuona kama kinapata joto. Kilikuwa baridi. Alirudi baada ya muda akashika tena. Bado kilikuwa baridi. Baba na binti walikuwa wanaongea Kikuyu chumbani, maneno machache, ya kawaida, kuhusu viazi na nani amekodisha shamba.

Msimu wa baridi ulipita. Mzee aliizima hita mara nyingi wiki za kwanza, Joyline alisimulia, wakati mwingine bila sababu, halafu akaacha kuizima. Feni ndiyo aliipenda. Alikaa chini yake mchana, macho yamefumbwa. Mapafu hayakupona, hakuna aliyesema yatapona, lakini hakurudi hospitali mwaka ule.

Celestine naye aliendelea. Wateja waliokuwa wameondoka wengine walirudi, wengine hawakurudi. Chuo kimoja cha ufundi kilimwomba afundishe kazi ya kupitisha waya siku mbili za wiki, akakubali, zaidi kwa sababu darasani mtu hufundisha akiwa amekaa. Somo lake la kwanza lilikuwa kuhusu fundi anayeona waya mbaya jioni. Aliwaambia wakate kwanza, hata kama nyumba itakuwa giza, ndipo waseme kesho. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama iliwahi kumtokea. Akasema ndiyo, akaendelea na somo.

Mwezi wa Desemba Abby alikuja. Alikuwa hajarudi tangu mazishi ya mama yake. Alimpigia Celestine akamwomba aje Jumapili, si kwa kazi, aje tu wanywe chai. Celestine alikaribia kukataa. Ilikuwa siku yake moja ya kupumzika, na Makhanu alikuwa amerudi kazini asubuhi ile. Lakini alivaa viatu akaenda.

Alikuwa amemfikiria Abby kama mwanamke wa kung'aa, wa ng'ambo. Aliyefungua mlango alikuwa na macho yaliyozama na mgongo ulioinama kidogo mahali ambapo watu wanaoinua wagonjwa huinama. Walisalimiana kwa mikono, wakashikana muda mrefu kuliko salamu.

"Umechoka," Abby alisema.

"Na wewe."

"Ni kweli."

Walikaa barazani na mzee, ambaye alikuwa ametolewa aote jua. Joyline alileta chai na mandazi. Mzee aliuliza kama huko Kanada wanalima viazi, Abby akasema wanalima, vikubwa, havina ladha. Mzee aliridhika na jibu hilo. Kuelekea upande wa ziwa la Nakuru hewa ilikuwa nyeupe kwa joto, na mahali fulani chini ya mtaa watu walikuwa wanatoka kanisani.

Celestine alikuwa anasikiliza. Alitaka kuuliza kama wamejaribu king'ora cha moshi, alikuwa na swali hilo tayari mdomoni, lakini kiti kilikuwa na mto na jua lilikuwa limefika magotini. Sauti zao zilianza kwenda mbali. Abby aliinuka kuchukua kikombe kilichokuwa kinamponyoka Celestine mkononi, akataka kumgusa bega.

"Mwache alale," mzee alisema.

Abby akakiweka kikombe mezani, akavuta kiti chake upande wa pili ili asimzuie jua.